WANATOA AMRI YA KUHAMA, ROHO TUNATOA SISI

Msomaji, umewahi kuona nyumba inavuka barabara? Mimi nimeona. Ilikuwa Oktoba 2021, saa saba za usiku, kando ya Barabara ya Morogoro. Kibanda cha mbao na mabati kiliinuka kutoka pale kilipokaa miaka sita, kikaanza kutembea. Chini kilikuwa na miguu. Nilihesabu jozi 13, mingine imevaa kandambili, mingine peku. Vijana walikuwa wameingia ndani, mabega yamekaa kwenye boriti za juu, wanahesabu "moja, mbili" na kusonga. Hawaoni mbele wala nyuma. Wa kuwaongoza alikuwa mmoja tu, tena kashika tochi ya simu. Walipofika katikati ya lami, semitrela ikatokea upande wa Kibaha. Dereva akapiga honi mpaka honi ikapiga kelele peke yake, akakanyaga breki, matairi yakalia, na yule mwenye tochi badala ya kuwaongoza wenzake akakimbia. Walio ndani wakabaki wamesimama gizani na nyumba mabegani, hawajui wakimbilie upande gani. Lile dude lilisimama hatua kama kumi kutoka kwenye ukuta wa mabati.

Hakuna aliyekufa. Ndiyo maana hukusoma habari hiyo mahali popote. Magazeti yetu yanahesabu maiti tu, hayahesabu walionusurika.

Sasa wasije wakajitokeza wazee wa ofisini, wale wa kiti cha kuzunguka na kiyoyozi, wakasema vijana wa siku hizi ni wahuni hawajui sheria za barabarani. Tuulizane kwanza. Kile kibanda kilikuwa kinakwenda wapi saa saba za usiku? Na nani alikituma?

Tuanze mbali kidogo. Desemba 2018 wakubwa walituletea vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Kwa kuanzia vilitolewa 670,000 nchi nzima, kila kimoja shilingi 20,000, na tukaambiwa mwenye nacho asibughudhiwe. Tukalipa. Wengine walikopa ili walipe. Mtu akiona ana kadi yenye nembo ya taifa mfukoni anafanya nini? Anajenga. Meza ikawa kibanda, kibanda cha mbao kikawa kibanda cha chuma, na waliojaliwa wakanunua kontena chakavu la futi 20, wakakata dirisha, wakaweka grili, wakaingiza friji na umeme. Na kwa kuwa chumba cha kupanga mjini hakishikiki, wengi wetu tukahamia humo humo. Mchana duka, usiku chumba. Godoro linasimama nyuma ya shelfu asubuhi, linalala chini saa nne usiku. Kwa hiyo ninaposema nyumba ilivuka barabara sikutii chumvi. Ile ilikuwa nyumba ya mtu.

Septemba 2021 tukasikia kauli kutoka juu kabisa kwamba wamachinga wapangwe vizuri, bila fujo na bila kuonewa. Ilivyotoka juu ilikuwa mpango. Ilipofika mtaani mwetu Oktoba ilikuwa tarehe. Hama kabla ya tarehe fulani, usipohama utavunjiwa. Basi. Tarehe ikasogezwa mbele, kisha ikafika, na waliochelewa walivunjiwa kweli.

Tusidanganyane, ndugu msomaji. Barabara zilikuwa zimeziba. Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa anapita katikati ya magari kwa sababu njia ya waenda kwa miguu tulikuwa tumeikalia sisi. Na sheria ipo. Sheria ya Barabara ya 2007 iliisukuma hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati. Anayebisha kwamba wengi wetu tulikuwa ndani ya hizo mita anajifurahisha tu. Ugomvi wangu si kuhamishwa. Ugomvi wangu ni kwamba tangazo lile lilikuwa na tarehe, lilikuwa na vitisho, lilikuwa na mgambo, lakini halikuwa na lori.

Hebu fikiri. Unamwambia mtu ambaye mtaji wake wote ni laki mbili tatu ahamishe sanduku la chuma la tani mbili na ushee, ndani ya siku chache, wiki ile ile ambayo jirani zake wote nao wanahamisha. Umempa nini? Hukumpa winchi. Hukumwambia apite njia gani, saa ngapi, na nani atamzuilia magari. Umempa hofu. Na mtu aliyebebeshwa hofu anakodi chochote chenye magurudumu.

Nitakusimulia la kwangu. Mshikaji wangu mmoja, jina namhifadhia, alikuwa na kontena la futi 20 karibu na Mbezi. Alipata sehemu ya kuliweka ndani ndani, njia ya kwenda Goba. Mwenye lori la winchi akataja bei ambayo ukiisikia unakaa chini, na bei hiyo ilikuwa inapanda kila siku kadiri tarehe ilivyosogea. Soko huria, bwana! Akamwendea mwenye Canter. Mwenye Canter akasema hakuna shida, nyumba ngapi tumebeba. Tukaenda watu tisa kumsaidia, mimi mmojawapo, kwa malipo ya chipsi na soda.

Sikiliza hesabu. Kontena ni futi 20. Kitanda cha Canter ile kilikuwa futi 14. Futi 6 zilikuwa zinaning'inia nyuma hewani. Mimi nimemaliza kidato cha nne na fizikia nilipata F, sioni haya kusema, lakini somo la nyenzo nalikumbuka kwa sababu mwalimu alilifundisha kwa fimbo na begi langu. Nyuma kukiwa kuzito, egemeo ni ekseli ya nyuma, na mbele kunainuka. Mbele ndiko kwenye usukani. Tairi za mbele zikigusa lami kwa kubembeleza, dereva anaweza kuzungusha usukani mpaka achoke na gari likaendelea kwenda linakotaka lenyewe. Unajua dawa aliyotupatia dereva? Watu wanne wakakae juu ya kabini ili kuongeza uzito mbele! Na sisi tukapanda. Nikiandika hapa najiona mjinga, lakini usiku ule ilionekana ni akili.

Kontena tupu la futi 20 lina tani kama 2.2 au 2.3. Hilo ni tupu. Letu lilikuwa na friji, shelfu za chuma na mifuko ya bidhaa ambayo mwenyewe alikataa kuishusha akiogopa itaibwa gizani. Yaani ilikuwa nyumba na samani zake zote, na zilikuwa zinatembea humo ndani kila tulipokata kona. Kimo chake ni mita 2.6. Ukiliweka juu ya kitanda cha lori kilicho zaidi ya mita moja kutoka ardhini unafikia mita 3.7 na kuendelea. Kitu kirefu, chembamba, kizito juu, kimefungwa kwa kamba ya manila inayovutika ikilemewa. Kwenye lori la kontena lenyewe kuna koni za chuma kwenye pembe nne zinazoingia kwenye matundu ya kontena na kufungwa. Canter haina koni. Ina matumaini.

Kisha nyaya. Hapa naomba usikilize vizuri zaidi, maana hapa ndipo vijana wanapochezea kifo kwa fimbo. Kila kibanda kinapohamishwa kuna kijana mmoja juu ya paa na mti mrefu, kazi yake kuinua nyaya za umeme ili kontena lipite chini. Usiku ule kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 17. Waya unaoingia nyumbani kwako una volti 230, na huo peke yake unatosha kukulaza. Lakini nguzo zile ndefu za kando ya barabara zimebeba waya wa kilovoti 11, na nyingine kilovoti 33. Elfu kumi na moja, elfu thelathini na tatu. Waya wa namna hiyo haungoji uushike mkono, ukiusogelea vya kutosha unaruka wenyewe kukufuata. Na mti wenye umande wa usiku si mti mkavu. Kijana wetu aliinua waya wa nyumba kwa mti wa mwembe uliokatwa jioni ile ile, majani bado yapo kwenye ncha. Waya ukateleza, ukanasa kwenye pembe ya kontena, nguzo ikayumba, cheche zikaruka, na nyumba nne za upande ule zikawa giza. Yeye alijitupa chini, akavunjika mkono. Akapelekwa hospitali kwa bodaboda, akaandikisha kwamba ameanguka mpira.

Ndivyo takwimu zetu zinavyopikwa, msomaji. Kaanguka mpira.

Nani alimlipia? Tulichanga. Bima? Usinichekeshe. Bima ndogo ya gari, ile ya lazima, haikuandikwa ikimfikiria kijana aliyesimama juu ya paa la nyumba iliyokaa juu ya gari. Kontena lenyewe halina bima, bidhaa hazina bima, na mwenye Canter akikutana na mwenye bima ataulizwa swali moja tu: gari lako limesajiliwa kubeba nini?

Tulifika. Ilichukua saa tano kwa mwendo ambao mtu mwenye afya angetembea kwa saa moja na nusu. Wakati wa kulishusha, upande waliokata dirisha ulipinda kama kopo la maziwa. Baadaye fundi wa kuchomelea alinieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningelipigia kelele. Zile kuta zenye mikunjo si pambo, ndizo zinazosaidia kontena lisijipinde. Ukishakata mlango mpana na madirisha mawili umelikata mbavu. Likikaa chini halina neno. Ukilinyanyua kwa pembe ndipo linapokuonyesha ulichokifanya. Na kama limekaa kwenye tope miaka mitano, boriti za chini zimeliwa na kutu, sakafu yote inaweza kubaki chini wakati kuta zinapanda juu. Ole wake aliyesimama chini yake akisema "shusha taratibu".

Sasa nikupeleke mbali kidogo. Huko Marekani kuna watu wengi, na wengi wao si matajiri, wanaoishi kwenye nyumba zinazojengwa kiwandani na kuvutwa barabarani mpaka kwenye kiwanja. Nyumba hizo zinajengwa juu ya chesisi ya chuma yenye ekseli zake, kwa kanuni za serikali yao kuu zilizoanza kutumika Juni 1976, na kanuni hizo zinataka nyumba iwe imara hata wakati wa safari, si ikishatulia tu. Nyingi zina upana wa futi 14 hadi 18, wakati lori la kawaida kwao mwisho ni futi 8 na nusu. Kwa hiyo huwezi kuamka tu ukaivuta. Unaomba kibali cha jimbo, unapangiwa njia, kwa kawaida unasafiri mchana, bango la mzigo mpana linawekwa mbele na nyuma, na gari la kusindikiza lenye taa linatangulia ikibidi. Usidhani ndiyo wamemaliza matatizo. Matairi yanapasuka, upepo unazipindua, na gharama ya kuhamisha ni kubwa kiasi kwamba masikini wa huko akipandishiwa kodi ya kiwanja anabanwa kama sisi, kwa sababu nyumba anayo lakini hana uwezo wa kuiondoa. Lakini angalau kuna mtu ofisini aliyekaa akafikiri: hii ni nyumba, na inapita barabarani, watu wengine wasife.

Na sisi hatujakosa akili ya namna hiyo. Ipo, ila imewekewa mipaka ya nani inamhusu. Tangu 2019 tunatumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ukomo tani 56, na pale mizani ya Vigwaza lori la transiti linapimwa ekseli kwa ekseli ili lami isiumie. Mzigo usio wa kawaida, kama mtambo mkubwa unaokwenda mgodini, unaombewa kibali na unasindikizwa na magari yenye vimulimuli, umeshawaona. Safi kabisa. Lakini nyumba ya kabwela ikipita imening'inia futi 6 hewani na mtoto wa watu juu ya paa, hakuna mizani, hakuna kibali, hakuna kimulimuli. Usiku ule tulipita saa tano nzima na hakuna aliyetusimamisha kutuuliza "nyie mna wazimu?" Lami ina mwenyewe. Wale tisa tuliokuwa juu ya Canter hatuna mwenyewe.

Hapo ndipo ninapowauliza wakubwa, na ninauliza kwa adabu zote. Mnapotoa amri kwamba vibanda elfu kadhaa vihame, mnajua kabisa kwamba havitahama kwa maombi. Vitapita barabarani. Mnajua kwamba vitapita usiku kwa sababu mchana kuna foleni na kuna aibu. Mnajua wenye vibanda hawana fedha za winchi. Basi kwa nini amri isitoke na ratiba? Kata hii Jumatatu, kata ile Jumanne. Halmashauri inakusanya ushuru kwetu kila kukicha, haishindwi kukodi malori matatu ya winchi kwa wiki mbili. Wenye umeme waambiwe mapema watume fundi mmoja na gari. Barabara ifungwe upande mmoja kwa saa mbili usiku, kama inavyofungwa mkubwa anapopita kwenda uwanja wa ndege, maana hilo tunajua mnaliweza vizuri sana. Na kiwanja tunachopelekwa kiwe tayari kabla ya sisi kufika, kisiwe shimo la mchanga ambalo baada ya miezi minne tunalikimbia na kuhama tena, safari ya pili, kwa Canter ile ile.

Mtasema ni gharama. Ni kweli. Lakini kumvunjia mtu pia kuna gharama, kuna greda, kuna mafuta, kuna posho za mgambo wa usiku. Hizo mbona zilipatikana?

Na wewe msomaji, kijana mwenzangu, usidhani nimekuja kukusifia tu. Mshikaji akikuita kesho kwenda "kumsaidia kusukuma kibanda", kabla hujaitikia mwulize anahamisha kwa gari gani. Kama kitanda ni kifupi kuliko mzigo, mwambie asubiri, wachangieni winchi, hata mkichanga watu ishirini. Bidhaa zishushwe kwanza, hata kama mtakesha mkizilinda. Kibanda cha mbao kinafunguliwa mbao kwa mbao na kinapanda guta kwa safari tatu. Inachosha, lakini hakuna anayekanyagwa na semitrela akiwa amebeba ubao mmoja na anaona mbele. Nyaya zisiguswe. Wakisema wewe ni mwoga, waambie wapande wao. Na kama ni lazima kuvuka barabara kuu, mtu mmoja akae mita 100 upande huu na mwingine mita 100 upande ule, kila mmoja na taa ya kueleweka na kitambaa chekundu, wala asiwe yule wa kukimbia honi ikilia.

Najua utaniambia maneno ya gazetini ni rahisi, tarehe ikifika utafanya nini? Hata mimi niliyeandika haya nilikuwa juu ya kabini.

Mwezi uliopita nilipita kule njia ya Goba kumsalimu mshikaji. Kontena lipo, lile pindo limenyooshwa kwa jeki na kupakwa rangi ya bluu, biashara inasogea. Barabara ya hapo imeanza kupimwa ipanuliwe. Kwenye ukuta, juu ya rangi mpya, pana X nyekundu ambayo haijakauka vizuri, na chini yake wameandika siku 30. Nilimkuta anaongea na simu. Alikuwa anamtafuta yule mwenye Canter.